Mwanaisha wa Ndoo

Kwanza niseme wazi kwamba katika habari hii mimi simo kama mtu mwema. Mimi ni katibu wa umoja wa wamwagiliaji wa banio letu huku Mashewa, na katibu anayejiheshimu hupenda vitu viwili: kikao kianze kwa wakati, na maji yaende kwenye mpunga. Samaki hawakuwa katika ajenda zangu. Wameingia kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni Bi Mwanaisha Zaidi.

Huenda unamfahamu bila kumjua jina. Kama umewahi kununua kamba ya mkonge Manundu, mjini Korogwe, kwenye duka la Jitendra, ile inayoning'inizwa mlangoni kabisa ili mpita njia aione kabla hajaona bei, basi umeshika kazi ya mikono yake. Ana miaka sitini na mmoja, mfupi, sauti yake inavuka mashamba matatu. Anakata majani ya mkonge mwenyewe, anayaparaza kwa kisu butu, anafua nyuzi, anaanika, anasuka. Kamba yake ni nyeupe pe! Siku moja Jitendra alimwambia kwa upole kwamba mteja ameona doa kwenye kamba yake moja. Bi Mwanaisha akaishusha kamba mlangoni mbele ya watu, akarudi nayo Mashewa, akaikata vipande akawashia moto. Jitendra mpaka leo akikumbuka hucheka peke yake.

Lakini hapa kijijini hakuna anayemwita Mwanaisha wa Kamba. Tunamwita Mwanaisha wa Ndoo, na jina hilo tulimpa kwa kumcheka.

Ndoo yenyewe ni ya rangi ya nyumba, ya lita ishirini, mshikio wake umeshakatika ukafungwa kamba. Aliirithi kwa baba yake, Mzee Zaidi. Banio letu lilipojengwa mwaka themanini na saba, mimi nikiwa kijana wa kubeba kokoto, Mzee Zaidi ndiye aliyekuwa fundi wa kuchanganya zege. Alilichanganya likachanganyika. Ukuta ule wa kimo cha watu wawili, unaoukata mto wetu katikati na kuyasukuma maji kwenye mfereji, haujapata ufa hadi leo. Tukafurahi, tukalima mpunga mara mbili kwa mwaka, tukaoa.

Masika ya kwanza baada ya banio, Mzee Zaidi alishuka mtoni akakuta watoto wa mikunga wamejazana chini ya ukuta.

Mkunga wa mtoni, kwa asiyemjua, ni samaki mrefu, mtelezi, ambaye mtu wa mjini akimwona hukimbia akidhani nyoka. Mambo yake ni ya ajabu kidogo. Anaishi mtoni miaka na miaka, akikomaa anaufuata Mto Pangani mpaka baharini, anataga huko na kufa huko huko. Watoto wake, ambao mto hawajawahi kuuona, ndio wanaofunga safari ya kuja juu. Mabwawa ya umeme huko chini wanayapitaje, wanajua wao na Mola wao. Wakifika kwetu wana urefu wa kidole na wembamba wa kamba ya kiatu. Kuruka hawawezi. Wanachojua ni kujiburuta juu ya kitu chenye majimaji na kwaruzo, jiwe lenye ukoga, mizizi, majani. Na zege la Mzee Zaidi lilikuwa laini ajabu.

Basi mzee alisimama pale akiwatazama wanavyopanda shubiri moja na kuanguka, wanapanda na kuanguka. Halafu akaenda stoo ya ujenzi akachukua ndoo tupu ya rangi. Akawachota, akapanda nao ngazi ishirini na mbili za udongo za pembeni, akawamimina upande wa juu. Alipoulizwa alisema, "Zege nimechanganya mimi, basi kuwavusha ni juu yangu."

Akafanya hivyo kila asubuhi ya masika kwa miaka kumi na moja. Tulimcheka sana. Mimi nilikuwa na sauti nzuri wakati ule, na nakiri kwamba kwenye harusi mbili tatu niliongoza wimbo wa mzee anayebeba nyoka kwa ndoo. Mwanaisha alikuwa msichana wa kuposwa, na wale waliokuja kumposa waliuliza kwanza, kwa adabu zote, kama ugonjwa huo wa baba unarithiwa. Aliona aibu mpaka akawa hapiti njia ya mtoni.

Mzee Zaidi alifariki masika yakiwa yamepamba moto. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu bado wako msibani, Mwanaisha akaonekana anashuka mtoni na ndoo. Na tangu hapo, miaka ishirini na saba, hakuna masika aliyoacha, isipokuwa mwaka mmoja alipojifungua mapacha, na mwaka ule alimtuma mumewe, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akiwabeba samaki huku amefumba jicho moja kwa woga.

Waliovuka wakakua. Juu kule, kwenye mabwawa ya mawe, bado watu walivua mkunga mmoja mmoja, mnene wa mkono, na waliokuwa wakimla kwa ugali hawakuwahi kujiuliza amepitia wapi. Mimi ni mmoja wao. Nampenda mkunga wa kukaanga kuliko ninavyopenda kusema hapa.

Mwaka juzi magoti ya Bi Mwanaisha yakagoma. Daktari wa mjini Korogwe akamwambia magoti yamelika, aache habari za kupanda na kushuka. Akaitikia vizuri, na kesho yake akaenda na ndoo. Masika yaliyopita alianguka kwenye ngazi ya kumi na nne. Tulimkuta amekaa kwenye tope, mguu umevimba, ndoo ameikumbatia.

"Hakumwagika hata mmoja," akatuambia, kama vile tumekuja kuuliza hilo.

Watoto wake wako mbali na kazi zao. Hakuna wa kumwachia ndoo, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Aliniambia mwenyewe, tena mimi, niliyemwimba baba yake. "Katibu, mwaka nitakaoshindwa kushuka ndio mwaka zege la baba litawaua wote. Nitamwambia nini?" Nikamjibu kwamba samaki ni riziki, huja na kuondoka. Jibu la kipuuzi, nalijua.

Ndipo akaja Shamimu. Huyu ni binti mmoja mtaalamu wa samaki, aliyekuwa akizunguka bonde zima kutafuta mahali njia za samaki zilipoziba, ili zifunguliwe. Alipopewa habari za mama mwenye ndoo alidhani anataniwa. Alipofika akamwona, akapiga magoti chini akamwamkia, "Shikamoo mama," akabaki pale pale ameishika ile ndoo.

Shamimu akaleta wazo la ngazi. Ubao mrefu wa mteremko, uegemezwe ukutani kuanzia chini mpaka juu, utobolewe tundu dogo juu ya banio ili maji ya unene wa kidole gumba yateremke juu yake, na juu ya ubao zifungwe kamba za mkonge, urefu wote, mtoto wa mkunga apate pa kujiburuta. Juu kabisa liwekwe beseni lenye mfuniko wa wavu, ili tujue kama wanafika. Kamba zitoke wapi? Bi Mwanaisha alikuwa ameshasimama kabla swali halijaisha.

Mimi nikapinga. Nilisimama kwenye kikao nikasema maji ya kidole gumba, usiku na mchana, miezi mitatu, ni majaruba mangapi ya mpunga? Nikapata makofi. Bi Mwanaisha naye akasimama na goti lake, akasema sentensi moja, kwamba mpunga wetu umekunywa maji ya mikunga miaka thelathini na nane bila kuwaomba. Naye akapata makofi, maana kwetu watu wanapiga makofi tu.

Mwisho tukapatana hivi. Ngazi ipewe maji masika moja, mpaka Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Siku hiyo wanachama wote waje banioni, beseni lifunuliwe. Akikutwa mkunga hata mmoja, tundu libaki milele. Asipokutwa, tundu lizibwe kwa saruji na jambo lisizungumzwe tena. Na katika muda wote huo Bi Mwanaisha asibebe hata mmoja kwa ndoo, la sivyo tutajuaje kilichopanda na kilichobebwa? Sharti hilo la mwisho nililitia mimi. Alinitazama, akakubali, akaenda akaitundika ndoo kwenye msumari.

Siku ya kufunga kamba, Shamimu alituagiza mambo mawili. "Mkishazifunga, mziache. Msizioshe, msizibadilishe." Niliandika kwenye muhtasari, neno kwa neno. Moyoni nikasema, hawa watu wa ofisini wavivu kweli.

Sasa, ngazi yetu iko pembeni ya njia iendayo mnadani. Watu wote wa Mashewa na wasio wa Mashewa hupita pale. Wiki ya kwanza kamba sita za Bi Mwanaisha ziling'aa kwenye ubao, watu wakasimama kuzisifia. Wiki ya pili zikaanza kuingia kijani kijani, zikawa na utelezi. Bi Mwanaisha akaja, akazitazama, akashika shavu.

"Katibu, hii ni aibu gani? Watu wanapita hapa. Wataona kamba yangu imeota ukoga, watasema Mwanaisha kazeeka, hawezi kazi."

"Mtaalamu alisema tuziache."

"Mtaalamu hauzi kamba Manundu."

Hapo ilinipasa nisimame imara kama katibu. Lakini mimi ni mtu wa usafi, uchafu wa hadharani unaniwasha, na nilimpa jibu alilolitaka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa asubuhi, mimi nilisugua ubao kwa brashi na yeye akafunga kamba mpya, nyeupe, zilizotoka kusukwa juzi yake. Kwa kuwa masika hayampi mtu jua la kuanikia, nyuzi hazikuwa zimefuliwa vya kutosha wala hazikukauka. Maji yakipita juu yake yalitoa kapovu kadogo. Mikono yetu iliwasha mpaka jioni.

Hapa ndipo ningependa mtu anieleze. Sisi tumezaliwa katikati ya mkonge. Kila mtoto wa Korogwe anajua kwamba maji ya mkonge mbichi yanawasha, kwamba ng'ombe hayanywi, kwamba yakiingia kwenye dimbwi vyura wanahama. Mimi nilikuwa najikuna, Bi Mwanaisha anajikuna, tumekaa chini ya ngazi ya samaki tunajikuna wawili, na hakuna aliyejiuliza samaki anajisikiaje.

Wiki zikaenda. Kila asubuhi nilifunua beseni, kila asubuhi maji matupu. Chini ya ukuta watoto wa mikunga walikuwepo kama kawaida, wanapanda zege shubiri moja na kuanguka. Wakifika kwenye ubao wetu msafi wanagusa kamba na kugeuka. Korongo wawili waliizoea ile sehemu, wakawa wanakuja mapema kuliko mimi.

Bi Mwanaisha alikuwa anakuja kusimama pale juu na kutazama. Hakusema kitu, na Bi Mwanaisha asiyesema kitu ni jambo la kutisha.

Asubuhi moja, wiki ya sita, nilichelewa kidogo. Nilipokaribia nikamwona anapanda ngazi za udongo, polepole, mguu mmoja kwanza kisha mwingine unaufuata, na ndoo mkononi. Nikajificha nyuma ya migomba. Nikasema, leo nimekukamata. Akafika juu, akaliendea beseni, akaufunua wavu. Ndani ya ndoo walikuwa kama kumi hivi, niliwaona wakizunguka. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha ndoo tu. Ingekuwa imekwisha, tundu lake milele, na mimi nisingekuwa na ushahidi wowote ila wa mtu aliyejificha kwenye migomba.

Akasimama pale muda mrefu. Halafu akafunika beseni, akageuka, akashuka nao wote ngazi ishirini na mbili mpaka chini, akawarudisha walikotoka. Akawafukuza korongo kwa kitambaa cha kichwani. Akakaa kwenye jiwe akalia.

Niliona haya. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na siku ile sikumwambia mke wangu kwa nini sikunywa chai.

Alhamisi iliyofuata akatokea Adamu.

Adamu ni binamu yake Bi Mwanaisha, mtoto wa mjomba wake, mkulima wa Kang'ata kule Handeni. Mabinamu kwetu ni watani, na utani wao hawa wawili umeshindikana. Kwa asiyejua mambo yetu: mtani anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Ukikitaka, unakikomboa kwa kile anachokitaja. Usipokikomboa, alichoacha mahali pake hakiguswi.

Alikuja na mbuzi sita wa mnadani. Akawanywesha pale banioni, akainua macho, akaona kamba sita nyeupe zimefungwa kwenye ubao bila kazi yoyote aliyoielewa. Akazifungua zote. Akawafunga mbuzi wake. Kamba za zamani alizokuja amewafungia mbuzi, ambazo zilikuwa zimelala miaka kando ya birika la kunyweshea kule Kang'ata, za kijivu, zimechambuka, zina manyoya ya mbuzi na ukoga mweusi wa kudumu, akazifunga kwenye ubao kwa mpangilio mzuri. Kisha akaja nyumbani kwa Bi Mwanaisha akiimba. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kumkumbusha mambo ya kesho Ijumaa.

"Hodi kwa mke wangu niliyemkosa!"

"Karibu, mume niliyenusurika," Bi Mwanaisha akajibu, hata kabla hajageuka. Alipogeuka akawaona mbuzi. Akaziona kamba. Nikamwona uso unabadilika, unapanda rangi, halafu anaishusha hasira kwa nguvu.

"Adamu."

"Naam, binamu."

"Kamba hizo umezitoa wapi?"

"Kuna ubao mmoja pale mtoni umevaa kuliko mbuzi wangu. Nikaona si haki. Nimebadilishana nao."

Mimi nikaruka. Nikamwambia bwana wewe umeharibu mradi, rudisha sasa hivi! Adamu akanitazama kwa huruma. "Huyu naye ni binamu yetu?" akauliza. "Kama si binamu, anaingiaje?" Akamgeukia Bi Mwanaisha. "Kamba zipo. Nataka jogoo yule mwekundu."

Jogoo mwekundu wa Bi Mwanaisha ni jogoo maarufu. Wanafunzi wanaamkia sauti yake.

"Jogoo wangu haendi Kang'ata," akasema Bi Mwanaisha, "hata akialikwa kwa barua."

"Basi nitamngoja."

Akamngoja. Siku tisa! Alilala pale, alikula pale, alisifia mboga na kulaani chumvi, kila asubuhi akimwamkia jogoo kwa heshima zote. Bi Mwanaisha kamba nyingine hakuwa nazo, zilizobaki alikuwa amempelekea Jitendra Jumatano, na mvua haikumpa nafasi ya kusuka mpya. Ijumaa nilikwenda banioni na brashi yangu, nikazikuta zile takataka za Kang'ata zimelala kwenye ubao, zinatiririka maji, zinanuka mbuzi. Nikanyoosha mkono kuzifungua. Wazee wawili waliokuwa wanapita wakaniita kwa jina langu kamili. Kitu cha mtani hakiguswi mpaka kikombolewe, uwe katibu usiwe katibu. Nilirudi na brashi yangu kavu, na kwa hasira sikulifunua tena beseni mpaka siku ya kikao. Katiba ya umoja wetu nimeisoma yote, haina kifungu cha utani, na hilo ni pengo.

Ikafika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri, ikakatika. Saa mbili asubuhi wanachama walikuwa banioni, watu sitini na kitu, wengine wamekuja kwa ajili ya mpunga na wengine kwa ajili ya kuona watu wakigombana. Shamimu alikuwa amefika kutoka mjini. Mimi nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu, na mfuko wa saruji nimeufunika nailoni. Adamu alisimama na mbuzi wake, hakuwauza, alidai wamechelewa kunenepa.

Bi Mwanaisha akaja na ndoo.

Wote tulimwona, na wote tukajua maana yake. Alikwishakata tamaa na ngazi. Tundu likizibwa ataanza upya siku hiyo hiyo, na magoti yale, mpaka aanguke tena. Hakutusalimu. Akashuka moja kwa moja chini ya ukuta, akainama na kikombe chake cha kuchotea.

Akabaki ameinama. Akasogea kulia. Akasogea kushoto, akapapasa chini ya mawe. Tulisikia kikombe kinagonga zege.

"Hamna," akasema.

Hatukumwelewa. Akainua uso, na sauti ile inayovuka mashamba matatu ikatoka ndogo kabisa.

"Hamna hata mmoja. Wameliwa. Nimewaacha wameliwa wote." Akaanza kulia mbele za watu, ndoo tupu miguuni. "Baba angewabeba. Mimi nimekaa nabishania jogoo."

Mimi nilikuwa nimeshaifungua hotuba yangu. Niliikunja. Miaka thelathini na nane nilikuwa nangoja siku ambayo kichekesho cha ukoo ule kitakwisha, na kilipokwisha sikukifurahia. Nikashuka chini nimshike mkono apande.

"Katibu," Shamimu akaita kutoka juu. "Mama. Njooni."

Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, wavu uko mkononi. Tulipanda, Bi Mwanaisha na goti lake, mimi na aibu yangu, ngazi zote ishirini na mbili. Nikachungulia. Beseni lilikuwa linachemka kwa watoto wa mikunga. Walikuwa wengi mpaka chini hapaonekani. Na kwenye ubao, katikati ya kamba za mbuzi, alikuwepo mmoja aliyechelewa. Ameng'ang'ania manyoya yale yaliyolowa, anajipinda, anapumzika, anajipinda tena. Watu sitini na kitu walinyoosha shingo kumtazama samaki wa urefu wa kidole akipanda ukuta. Alipofika ukingoni akatumbukia, watu wakapiga makofi, na safari hii kweli kulikuwa na cha kupigia.

Shamimu alikuwa anazinusa kamba. "Hizi sizo nilizoziacha mimi. Zile mpya zilikwenda wapi? Zilishaanza kuota ukoga?"

Mimi nikatazama mawingu. Bi Mwanaisha akatazama miguu yake.

"Tulikuwa tunazibadilisha," akasema mwishowe. "Kila Ijumaa. Zikae nyeupe."

"Za mkonge mbichi?"

Nilijikuna mkono, na nilipojikuna ndipo nikaelewa. Nikamwona Bi Mwanaisha naye ananitazama ninavyojikuna, naye akaelewa. Akaanza kucheka. Alicheka huku machozi hayajakauka, akanishika bega asianguke, nami nikacheka, na wenzetu hawakujua tunacheka nini.

Tukapiga kura kwa sababu mimi ni katibu na kura lazima ipigwe. Waliotaka tundu libaki ni wote, nami nikiwemo. Shamimu akarudia maagizo yake, "Msizioshe, msizibadilishe," safari hii akinitazama mimi.

"Jogoo," akasema Adamu kutoka nyuma.

"Chukua!" akasema Bi Mwanaisha. "Na kamba zangu ondoka nazo. Sizitaki tena."

Adamu akatangaza kwamba basi kuanzia leo kamba za Mashewa zitakuwa daraja la pili na za Kang'ata daraja la kwanza, na kwamba Jitendra apelekewe taarifa. Alitupiwa kikombe cha kuchotea. Akakidaka, akasema na hiki nacho kimetekwa.

Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, nilikwenda banioni. Nilijiambia naenda kuangalia mfereji. Nikamkuta Bi Mwanaisha amekwisha fika, yuko juu, kando ya ngazi ya mbao. Ndoo alikuwa ameipindua ameikalia. Mikono imelala mapajani. Chini hapakuwa na kitu ila maji, na kwenye kamba walikuwa wanapanda wawili, watatu, bila haraka.

"Umeamka mapema, Bi Mwanaisha. Una kazi gani?"

Akaipapasa ndoo chini yake.

"Sina, Katibu," akasema. "Wallahi sina."

Akasogea kidogo. Ndoo ile haiwatoshi watu wawili, kwa hiyo mimi nikaufuata ule mfuko wa saruji, ambao niliusahau pale bila nailoni na mvua ya usiku ilikuwa imeshaugeuza jiwe, nikaukalia.